Mfuko Laini na Sarafu ya Shaba

Mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, Sultani Barghash bin Said wa Unguja alitoa sarafu zake mwenyewe. Za dhahabu na za fedha leo ni adimu mno. Ya shaba, ile pesa iliyokuwa na maandishi ya Kiarabu upande mmoja na picha ya mizani upande wa pili, ndiyo iliyoingia mikononi mwa watu wa kawaida. Nyingi zilizotufikia zimegeuka rangi ya kahawia iliyokolea. Rangi hiyo si uchafu, ndugu msomaji. Ni utando ambao shaba imejivika kwa miaka zaidi ya mia, nao huikinga. Mwenye kuisugua kwa ndimu na majivu, kama asuguavyo sinia ya biashara ya kahawa, huiacha uchi.

Wazee wetu hawakuwa na albamu za sarafu. Fedha ilikaa kibindoni, ikatiwa kibubu, au ikafukiwa. Ajabu ni kwamba ilisalimika. Huko Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, mwaka 1984 wachimbaji wa mambo ya kale walikuta sarafu ndogondogo za fedha zaidi ya 2,000, zilizolala ardhini kwa takriban miaka 900, na majina ya watawala wa pwani yakasomeka. Askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, mwaka 1944 aliokota sarafu za shaba za Kilwa ufukoni mwa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo. Alizitia kwenye kopo, akazisahau hadi 1979. Zilikuwa tano tu, lakini mpaka leo wanahistoria wanabishana zilifikaje kule. Kama zingeliwa na kutu ndani ya lile kopo, hata ubishi huo tusingekuwa nao.

Basi shaba iliyostahimili mchanga na chumvi ya bahari imekuja kupata adui ndani ya kabati, naye ni mfuko laini wa plastiki.

Plastiki iitwayo PVC, hii hii ya mabomba ya maji, ilipatikana katika maabara ya Mjerumani Eugen Baumann mwaka 1872. Ilikuwa ngumu na yenye kuvunjika, haikuwafaa watu kitu. Mwaka 1926 Mmarekani Waldo Semon, akifanya kazi katika kampuni ya Goodrich, aligundua namna ya kuilainisha kwa kuichanganya na vimiminika vinavyokaa ndani yake. Ikawa kama ngozi, ikakunjika, ikapitisha mwanga. Watengenezaji wa albamu waliipenda kwa sababu hiyo. Lakini vilainishi vile havikufungwa humo kwa kufuli. Taratibu hutoka, vikaacha mnato juu ya sarafu, na plastiki yenyewe ikichakaa hutoa asidi, ile ya jamii ya chumvi, ambayo hula shaba na kuacha ute wa kijani. Joto huharakisha mambo, na hapa pwani joto hatulikosi.

Jirani yangu mmoja, mstaafu wa reli, alirithi sarafu za mjomba wake: hela za Wajerumani zilizoanza kutolewa 1904 (neno tumebaki nalo, wenyewe waliondoka zamani), senti za Waingereza zenye tundu katikati, na moja ya hela 20 iliyofuliwa Tabora wakati wa vita, 1916. Alizipanga kwa heshima katika albamu yenye kurasa laini, aliyonunua kwa bei isiyo ndogo, akaifungia sandukuni. Baada ya miaka kumi na mitano hivi alinionyesha. Kurasa zilinata vidoleni.

Anayetaka kuhifadhi na aanze na pua. PVC laini hunuka kama mpira wa kuchezea wa watoto uliotoka dukani, nayo hukunjika kimyakimya. Poliesta, ambayo wauzaji huiita Mylar, ni kavu, haina harufu, na ukiikunja hupiga kelele. Polithini na polipropilini nazo ni salama, na vibweta vigumu vya akriliki ni vizuri zaidi kwa mwenye uwezo. Mimi napendelea kadi zenye dirisha la Mylar, kwa kuwa ni rahisi na unaandika pembeni sarafu ilipotoka. Ila pini zake zilazwe kwa koleo zisije zikakwaruza jirani. Kwa mwenye shaka, kuna jaribio la waya wa shaba: upashe moto mpaka uwe mwekundu, ugusishe kwenye plastiki, kisha urudishe motoni. Mwali wa kijani waonyesha klorini. Lifanyike nje, maana moshi wake ni sumu.

Asetoni safi huondoa ule mnato ukiwahiwa, mbali na moto. Shaba iliyokwisha kuliwa hairudishi. Tuliosha sarafu za jirani yangu moja moja kibarazani, bila kusugua. Senti zilitoka salama, na hela nyingi pia. Ile ya Tabora imebaki na vishimo juu ya taji, herufi D.O.A. zimekwenda, mwaka 1916 bado unasomeka.