Tarehe ya Koti la Jodhpur

Koti fupi la shingo iliyofungwa, ambalo Wahindi wenyewe huliita bandhgala, ni koti la Jodhpur. Naanza na neno hilo kwa sababu kibandani kwetu kila bwana harusi anayekuja kupimwa huagiza "koti la Nehru", nami nimechoka kusahihisha kwa mdomo. Afadhali iandikwe.

Jodhpur, mji wa Rajasthan nchini India, ilijengwa mwaka 1459 na Rao Jodha wa ukoo wa Rathore, chini ya ngome ya Mehrangarh. Zama hizo na karne zilizofuata, wanaume wa heshima hawakuvaa koti la vifungo. Walivaa jama, kisha angarkha: vazi refu lenye marinda, linalopishana kifuani na kufungwa kwa kamba ubavuni. Fundo lilimtambulisha mtu hata kabla hajasalimia, Mwislamu kulia, Mhindu kushoto. Walipokuja Waingereza na makoti yao, mafundi wa Kihindi waliyatazama kwa makini. Wakachukua bega lililokatwa likakaa na safu ya vifungo katikati. Kola iliyokunjwa na kifua kilichoachwa wazi wakavikataa. Lucknow wakashona achkan, koti refu la kufika magotini. Hyderabad na Aligarh wakashika sherwani, ndugu yake. Hao wana watu wao wa kuwaandikia.

Jodhpur ilikuwa na Sir Pratap Singh.

Alizaliwa mwaka 1845, mtoto wa Maharaja Takht Singh. Kiti cha baba yake hakukirithi, lakini zaidi ya mara moja alikilinda kama msimamizi mpaka mwenye haki alipokua. Mtu wa farasi tangu utoto, mchezaji wa polo, askari. Ndiye aliyeunda kikosi cha wapanda farasi cha Jodhpur mwaka 1889, na vita vya 1914 vilipozuka alikwenda Ufaransa pamoja nacho, umri wake miaka 69. Mtu wa namna hiyo hawezi kushinda juu ya tandiko huku marinda yanampepea. Ndipo ikaja suruali yenye nafasi kubwa mapajani, ili goti likunjike bila kitambaa kuvuta, kisha ikabana kuanzia gotini hadi kifundo cha mguu. Dunia nzima ya wapanda farasi inaiita kwa jina la mji wake. Na juu ya suruali hiyo, koti: limefungwa mpaka kooni kama angarkha ya mababu ilivyositiri kifua, lakini limekatwa likaishia nyongani.

Hapa sina budi kusimulia habari ya meli. Sir Pratap alikwenda London kwenye jubilei ya Malkia Victoria mwaka 1887, akaenda tena mwaka 1897 na wachezaji wake wa polo. Watu wa Jodhpur husimulia kwamba katika safari ya jubilei, mizigo yake ilikuwa katika meli nyingine, na meli hiyo ikaangamia baharini. Akafika London hana vazi la kumfikisha mbele ya Malkia. Hakuazima nguo ya mtu. Alitwaa mkasi na kitambaa, akakata mwenyewe kielelezo cha suruali yake, akampa fundi wa Kiingereza, akamwambia ashone hivyo hivyo. Wanasema tangu siku hiyo mafundi wa London wanashona mshono wa Marwar, nchi ya Jodhpur. Mimi naiamini habari hii, kwa kuwa najua ugumu wa kukata suruali ile: paja likikosewa hata kidogo, mvaaji hawezi kuinua mguu kwenye kikuku cha tandiko.

Turudi kwenye koti. Ugumu wake uko shingoni. Kola husimama wima, kwa hiyo lazima kanvasi iwekwe kati ya kitambaa na bitana, ishonwe kwa mkono, mishono midogo ya mshazari, huku fundi akiikunja kola juu ya vidole vyake ili ipate mviringo ingali mikononi. Ukiishona ikiwa bapa mezani, itakuja kupiga makunyanzi mbele. Ndani ya ncha mbili huwekwa kulabu, hakuna kifungo kinachoonekana hapo. Fundi aliyenifundisha alikuwa akipitisha kidole kimoja kati ya kola na koo la mteja. Kidole kisipopita, mteja hatakula harusini. Vikipita viwili, ataonekana ameazima.

Sasa Nehru. Jawaharlal Nehru, waziri mkuu wa kwanza wa India, alivaa achkan ile ya kufika magotini, na ua la waridi kifuani. Chini yake churidar, suruali iliyokatwa mshazari, ndefu kuliko mguu, ikajikusanya kifundoni kama bangili. Siku nyingine alivaa kizibao kisicho na mikono. Hilo koti fupi la mikono mirefu wanaloliita lake ni la mafundi wa Magharibi wa miaka ya 1960, waliopenda kola yake wakakata urefu. Koti fupi la kola iliyosimama lilikuwa limeshavaliwa Rajasthan muda mrefu, juu ya farasi na barazani. Basi kwa nini lichukue jina la mtu ambaye hakuwa akilivaa?

Kila nchi na vazi lake: Muhammad Ali Jinnah, mwasisi wa Pakistan, alivaa sherwani kwenye mkutano wa Muslim League wa Lucknow mwaka 1937, na Pakistan ikaifanya vazi la shughuli zake rasmi. India, wanadiplomasia wake huvaa bandhgala nyeusi katika dhifa.

Sir Pratap alifariki mwaka 1922. Bwana harusi wa Jodhpur bado huvaa koti lile na kilemba cha safa, kitambaa cha mita 9 hivi, ncha yake ikining'inia mgongoni. Mimi ninayo bandhgala moja mezani, rangi ya maziwa, vifungo sita, inachukuliwa Ijumaa. Katika daftari la oda nimeiandika: Jodhpur.