Kemia ya gunia la mahindi: Kitui na Makueni, 2004

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha. Nimekuwa nikisoma tena habari za mkasa wa mahindi wa mwaka 2004 kule Kitui na Makueni, na naona kwamba anayeanza kujifunza kemia hana mahali pazuri kuliko hapa. Fomula, molekuli, ukolezi: haya maneno tuliyokariri kwa ajili ya mtihani ndiyo yanayoeleza kwa nini nyumba moja ilizika na ya jirani ikapona.

Kati ya Januari na Julai 2004 watu walifika hospitalini macho yamekuwa ya njano na ini limeharibika. Wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 317, na kati yao 125 walifariki. Wengi walitoka Makueni na Kitui (siku hizo zikiitwa wilaya). Wala haikuwa mara ya kwanza Ukambani: mwaka 1981 huko Machakos waliugua watu 20, wakafa 12.

Sumu yenyewe ni aflatoksini. Watanzania huiita sumukuvu, jina ninalolipenda zaidi kwa sababu linajieleza. Hutengenezwa na kuvu iitwayo Aspergillus flavus, inayopenda mahindi yaliyoteswa na ukame shambani kisha yakahifadhiwa na unyevu. Mwaka ule yote mawili yalikuwapo.

Dunia iliijua sumu hii kupitia ndege. Mwaka 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza, na chanzo kikaonekana kuwa chakula cha karanga kutoka Brazil. Wanakemia walipoitenganisha ile sumu na kuiangaza kwa miale ya urujuanimno, aina moja iling'aa buluu, nyingine kijani. Kwa Kiingereza rangi hizo huanza na B na G, ndiyo maana tuna aflatoksini B1 na G1. Iliyo kali zaidi ni B1.

Fomula yake ni C17H12O6. Hebu tuisome pamoja: atomi 17 za kaboni, 12 za haidrojeni, 6 za oksijeni. Kaboni ina uzito wa 12, haidrojeni 1, oksijeni 16. Basi 204 + 12 + 96 = 312. Elementi hizo tatu ndizo zilizomo pia katika sukari na katika unga wenyewe wa mahindi! Kinacholeta tofauti ni jinsi atomi zilivyopangwa, kama vile herufi zile zile zinavyoweza kuandika programu nzuri au kirusi. Ini likijaribu kuivunja B1 huiongezea atomi moja ya oksijeni, na molekuli hiyo mpya hushika DNA na protini za seli. Hapo ndipo madhara yanapoanza.

Sasa ukolezi, na hapa naomba mtulie kidogo. Kiwango cha juu kilichoruhusiwa Kenya mwaka ule kilikuwa sehemu 20 kwa bilioni. Kwa sisi watu wa kompyuta, hizo ni baiti 20 ndani ya gigabaiti moja. Katika gunia la kilo 90 ni miligramu 1.8 tu. Katika baadhi ya mahindi ya 2004 ilipimwa B1 hadi sehemu 4,400 kwa bilioni. Piga hesabu: ni miligramu 396 kwa gunia, yaani pungufu ya dawa iliyomo ndani ya kidonge kimoja cha Panadol cha miligramu 500. Kiasi hicho jicho halikioni, na ulimi hauna la kusema.

Watafiti walilinganisha wagonjwa 40 na majirani 80 wasiougua. Mahindi ya nyumba za wagonjwa yalikuwa na wastani wa 354.53, ya majirani 44.14. Angalieni vizuri: hata majirani walipita kiwango. Tofauti ilikuwa dozi. Jambo jingine lililojitokeza ni kuhifadhi mahindi yakiwa na unyevu, na kuyaweka ndani ya nyumba badala ya ghalani.

Je, moto haukusaidia? Maji yanayochemka huishia nyuzi 100 hivi, ilhali B1 huhitaji karibu nyuzi 250 ndipo ivunjike. Moto wa ugali unaiua kuvu, kwa kuwa ni kiumbe. Molekuli si kiumbe. Kukoboa, kama inavyofanywa kwa muthokoi, huondoa sehemu ya sumu pamoja na maganda, lakini haimalizi.

Kwa hiyo kazi kubwa iko kabla ya jikoni: kukausha mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5. Asiye na mashine anaweza kutumia chumvi, maana chumvi huvuta maji. Chukua chupa kavu ya kioo, jaza mahindi mpaka theluthi, ongeza chumvi kavu, tikisa dakika chache, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Isipoganda, yaanike tena siku mbili tatu hata hivyo, kwa sababu kutoka 15 hadi 13.5 chupa haiwezi kukuonyesha. Wala haipimi sumu iliyokwisha kuingia.