Kodi ya majengo: ugomvi wa vyama, mtaro wa nani?

Wadau, kodi ya majengo ni hela ya mwenye nyumba. Zamani ilikuwa inaingia halmashauri, inasaidia taka, mitaro na mambo mengine ya mtaani.

Uchaguzi wa 2015 CHADEMA ikachukua Arusha, Mbeya mjini na hapa kwetu Tunduma. Julai 2016 ukusanyaji ukapelekwa TRA. Serikali ikasema TRA wanakusanya vizuri zaidi. Wapinzani wakasema wananyang'anywa mfuko ili waonekane wameshindwa. Tuwe wakweli lakini: TRA waliwahi kuikusanya Dar kabla ya hapo, na halmashauri za CCM nazo ziliguswa. Ila watu walibishana kwa rangi za bendera, na swali la mtaro utazibuliwa kwa hela ipi likapotelea humo.

2020 Silinde, aliyekuwa CHADEMA, akashinda Tunduma kwa tiketi ya CCM. Bendera ikabadilika. Agosti 2021 kodi ikaingizwa kwenye LUKU, ikianzia sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mpangaji akinunua umeme anakatwa yeye, halafu ndo amfuate mwenye nyumba wakatane kwenye kodi ya chumba. Wangapi wanakubali?