Macaron za Nancy na Maandazi ya Dzaleka

Mwaka 1862 Louis-Ernest Ladurée alifungua duka la mikate katika mtaa wa Royale mjini Paris. Duka hilo liliungua mwaka 1871, wakati wa ghasia za Komuni, likajengwa upya kuwa duka la keki, na baadaye likawa mojawapo ya vyumba vya chai vinavyojulikana zaidi duniani. Wageni wa Paris hupanga foleni hapo ili kununua macaron, biskuti ndogo za mviringo zinazobanwa mbili mbili kwa krimu katikati. (Msomaji asizichanganye na makaroni tunayopika kwa mchuzi, ingawa maneno yote mawili yana asili moja ya Kiitaliano.)

Kinachonivutia katika historia ya vyumba vya chai ni swali la nani aliruhusiwa kuketi. Katika Paris ya karne ya 19 mkahawa ulikuwa hasa mahali pa wanaume, na mwanamke wa familia yenye heshima aliyeketi humo peke yake alihatarisha jina lake. Chumba cha chai kilimfungulia mlango: aliweza kukaa na wenzake, akanywa, akazungumza, wala asisemwe. Bila shaka mlango huo ulikuwa wa wenye fedha. Aliyeosha vikombe hakuketi.

Kuhusu macaron yenyewe, husimuliwa sana kwamba ililetwa na wapishi wa Catherine de' Medici alipoolewa Ufaransa mwaka 1533. Simulizi hiyo ni tamu kuliko ushahidi wake, nami naiweka kando. Ya mji wa Nancy ina miguu zaidi. Mwaka 1792 serikali ya Mapinduzi ilizivunja jumuiya za watawa. Masista wawili, Marguerite Gaillot na Marie-Elisabeth Morlot, walitolewa katika nyumba yao ya kitawa, wakapata hifadhi kwa daktari mmoja mjini humo. Walichobaki nacho ni ujuzi wa jikoni: lozi zilizosagwa, ute mweupe wa yai na sukari. Wakaoka, wakauza, wakaishi. Watu wakawaita Masista Macaron, na mwaka 1952 Nancy ikaupa mtaa jina lao.

Kwa mtu anayeishi Dzaleka habari hii haisomeki kama habari ya keki. Hapa palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Kamuzu Banda. Mwaka 1994 pakafunguliwa kambi ya wakimbizi, iliyokusudiwa watu wapatao 10,000. Leo tumezidi 50,000, wengi wetu kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kabla ya alfajiri utaona makaa yanawaka mbele ya nyumba na akina mama wakigeuza maandazi kwenye mafuta. Mkongo huyaita beignet, neno lililoachwa na Wabelgiji. Mmalawi husema mandasi. Hata chai ina njia mbili: sisi tunasema chai, neno lililosafiri kwa nchi kavu kutoka China hadi Uajemi na India, ilhali Mchewa husema tiyi na Mfaransa thé, kutokana na neno la pwani ya Fujian lililobebwa na meli za Waholanzi.

Majani yenyewe hayatoki mbali. Mwaka 1891 Henry Brown, mkulima aliyekuwa ametoka Ceylon, alipanda chai Mulanje, kusini mwa nchi hii, na hapo ndipo kilimo cha chai ya biashara nchini kilipoanzia. Chai hiyo husafiri hadi Ulaya bila kuulizwa mengi. Sisi tunaoinywa hapa hatusafiri hivyo. Malawi iliridhia Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987, lakini ikaweka pingamizi katika vifungu kadhaa, kikiwemo kile cha uhuru wa kutembea na kuchagua mahali pa kuishi. Mwaka 2023 serikali iliamuru waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi kambini. Lilongwe iko yapata kilomita 40, ila kwenda huko kunahitaji ruhusa.

Wapo wanaosema kuwa kulinganisha masista wa Nancy na wauza maandazi wetu ni kutia chumvi. Nakubali tofauti moja, nayo ni kubwa: wale wawili waliuza katika mji wao, kwa watu waliowajua, na waliweza kumfikia kila mnunuzi.

Mama mmoja kutoka Uvira, ambaye amekaanga maandazi hapa kwa miaka tisa, nilimuuliza kwa nini hayapeleki Lilongwe, kwenye bei nzuri.

“Mwanangu,” akanijibu, “nikingoja ruhusa mpaka saa nne yatakuwa yamepoa. Nani atanunua?”

Unga wake hutoka Lilongwe kila wiki, kwa gari la mfanyabiashara. Yeye mwenyewe mara ya mwisho alifika huko miaka miwili iliyopita, alipompeleka mtoto hospitali.