Usawazishaji wa vivinjari: Kompyuta nyingi, mpangilio mmoja mpakani Busia na Malaba

KAZI nyingi za mpakani zilizokuwa zikifanywa kwa karatasi na mihuri katika miji ya Busia na Malaba sasa hufanywa kupitia kivinjari, yaani ile programu inayofungua kurasa za intaneti, kama vile Chrome, Firefox, Edge au Opera.

Kwa siku moja tu, wakala wa forodha huenda akafungua mfumo wa iTax wa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA), tovuti ya eCitizen, mfumo unaosimamiwa na shirika la KenTrade, na tovuti ya Mamlaka ya Mapato ya Uganda (URA). Kila mmojawapo una anwani yake, jina lake la mtumiaji na neno lake la siri.

Ugumu huzidi kwa sababu wakala huyo hana kompyuta moja. Ana moja ofisini, nyingine ya mkononi anayovuka nayo mpaka, na pengine ya tatu nyumbani. Wapo pia wenye ofisi Busia na tawi Malaba, miji iliyotengana kwa takriban kilomita 30.

Utaratibu wa mpakani wenyewe umechangia hali hii. Chini ya mpango wa Himaya Moja ya Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza kutekelezwa mwaka 2014, taarifa za shehena hujazwa kwa kompyuta mapema. Nacho kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, kilichozinduliwa rasmi na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni Februari 24, 2018, huwaweka maafisa wa nchi mbili chini ya paa moja. Anayeingia Uganda hukamilisha shughuli za nchi zote mbili upande wa Uganda, naye anayeingia Kenya hufanya hivyo upande wa Kenya.

Kwa hivyo, anayefanya kazi za pande zote mbili huhitaji kompyuta zake zote ziwe na mpangilio mmoja. Njia ya kufanikisha hilo huitwa usawazishaji.

Maana ya usawazishaji

Usawazishaji ni utaratibu ambao kivinjari hutuma nakala ya mambo ya mtumiaji kwenye seva ya kampuni iliyokitengeneza, kisha kivinjari cha kompyuta nyingine kilichofunguliwa kwa akaunti ileile huichukua nakala hiyo. Badiliko linalofanywa mahali pamoja huonekana kwingine kote baada ya muda mfupi.

Umeme ukipotea au bando likiisha, kazi haipotei. Kivinjari huweka mabadiliko ndani ya kompyuta na kuyatuma mtandao unaporejea.

Jambo la kuzingatia ni kwamba usawazishaji hauchagui. Mfano wake ni baiskeli za boda boda, usafiri ambao asili yake ni mpaka huu wa Busia: hubeba chochote kinachopakiwa. Huvusha anwani muhimu, na huvusha pia kosa, programu mbovu na siri ya mteja. Ni mwenyewe anayepaswa kuamua kipi kipakiwe na kishushwe wapi.

Ulikotoka

Wazo hili lilianza kwa programu za nyongeza. Foxmarks, iliyobuniwa kwa ajili ya Firefox na baadaye kuitwa Xmarks, ilisawazisha alamisho, yaani anwani za kurasa zilizohifadhiwa. Huduma hiyo ilifungwa Mei 1, 2018. Google nayo ilitoa Google Browser Sync kwa watumiaji wa Firefox mwaka 2006, ikaiacha mwaka 2008.

Shirika la Mozilla lilitangaza mradi wake wa Weave mwishoni mwa mwaka 2007. Mradi huo ndio uliozaa Firefox Sync, iliyoingizwa moja kwa moja katika Firefox toleo la 4 Machi 2011. Chrome ilipata usawazishaji wa alamisho katika toleo la 4, lililotolewa Januari 2010.

Leo kila kivinjari kikubwa kina huduma hiyo. Chrome hutumia akaunti ya Google, Edge akaunti ya Microsoft, Firefox akaunti ya Mozilla, nayo Safari hutumia iCloud ya kampuni ya Apple. Alamisho zaweza kuhamishwa kwa faili kutoka kivinjari kimoja hadi kingine, lakini Chrome haisawazishi na Firefox. Ofisi yenye kompyuta tano yafaa ichague kivinjari kimoja.

Kinachosafiri na kisichosafiri

Vinavyosafiri ni alamisho, maneno ya siri yaliyohifadhiwa, historia ya kurasa zilizotembelewa, kurasa zilizo wazi, anwani za kujazia fomu, viendelezi na baadhi ya mipangilio. Viendelezi ni zile programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari, kwa mfano za kuzuia matangazo, kutafsiri maandishi au kutunza maneno ya siri.

Katika orodha ya mipangilio, mtumiaji anaweza kuruhusu kimoja na kuzuia kingine. Wengi hawaifungui kamwe orodha hiyo, na ndiyo maana hushangaa wanapoona historia ya nyumbani ikijitokeza ofisini.

Kuhusu viendelezi, kuna jambo linalowakanganya watumiaji wengi. Kivinjari hupeleka kiendelezi chenyewe, lakini si lazima kipeleke mipangilio iliyo ndani yake. Aliyekitengeneza ndiye anayeamua kama mipangilio hiyo itahifadhiwa kwenye sehemu inayosawazishwa au itabaki ndani ya kompyuta moja. Sehemu hiyo ni ndogo mno, takriban kilobaiti 100 kwa kila kiendelezi katika Chrome, hivyo orodha ndefu haziingii. Viendelezi vingi huwa na kitufe cha kutoa mipangilio kama faili, na faili hiyo hupakiwa kwenye kompyuta ya pili.

Viendelezi vya Chrome ya kompyuta havihamii kwenye Chrome ya simu za Android, ingawa alamisho na maneno ya siri huhamia.

Vilevile, faili zilizopakuliwa hazisafiri. Faili ya Excel ya kujazia ritani iliyopakuliwa kutoka iTax hubaki katika kompyuta ileile. Mtambo wa kuchapisha na programu nyingine zilizowekwa nje ya kivinjari nazo hazihami. Kwa kawaida, kuwa ndani ya akaunti ya tovuti fulani katika kompyuta moja hakumfanyi mtu awe ndani yake katika kompyuta ya pili. Atalazimika kuingia upya.

Jinsi ya kuanza

Hatua ya kwanza ni kuteua kompyuta iliyopangika vyema kuliko nyingine zote. Alamisho zilizokufa zifutwe na viendelezi visivyotumika viondolewe. Sababu ni kwamba mara ya kwanza kivinjari huunganisha orodha za kompyuta zote mbili badala ya kufuta moja, na takataka ya kila upande huongezeka.

Pili, akaunti ifunguliwe kwa neno refu la siri ambalo halitumiki kwingine kokote, na uthibitishaji wa hatua mbili uwashwe. Akaunti hii ndiyo ufunguo wa funguo zote.

Kwa mkazi wa mpakani, hatua ya pili ya uthibitishaji ina ugumu wake. Simu inapodaka mtandao wa nchi jirani, ujumbe mfupi wenye msimbo huenda ukachelewa. Ni afadhali kutumia programu ya simu inayotoa misimbo bila kutegemea mtandao, au kuchapisha misimbo ya akiba ambayo Google humpa mwenye akaunti na kuiweka kabatini chini ya kufuli.

Tatu, usawazishaji uwashwe katika kompyuta ya kwanza na kuachwa hadi umalizike, ndipo ya pili iunganishwe.

Wanaojali usiri wafahamu tofauti iliyopo. Firefox hufunga data kwa namna ambayo hata Mozilla haiwezi kuisoma. Anayesahau neno la siri bila kuwa na ufunguo wa kurejesha hupoteza nakala iliyo kwenye seva, ingawa iliyo ndani ya kompyuta zake hubaki. Katika Chrome, ulinzi wa aina hiyo hupatikana mtumiaji anapoweka kauli ya siri. Akiisahau, itambidi afute data iliyo kwa Google na kuanza upya.

Usawazishaji si akiba

Watu wengi hudhani kwamba kilichosawazishwa kimehifadhiwa salama. Ukweli ni kinyume. Msaidizi akifuta kwa bahati mbaya folda yenye alamisho 60 huko Malaba, folda hiyo hufutika Busia pia.

Akiba ya kweli ni nakala iliyotengwa. Kila kivinjari kikubwa cha kompyuta kinaweza kutoa alamisho zote kama faili moja ya HTML, ambayo huwekwa kwenye diski ndogo ya kubeba. Maneno ya siri nayo yaweza kutolewa, lakini faili yake huwa maandishi wazi ambayo yeyote anaweza kuyasoma, kwa hivyo haifai kuachwa kwenye kompyuta wala kutumwa kwa barua pepe.

Hatari iliyokwisha kuonekana

Hatari ya kuchanganya akaunti ya binafsi na kazi imekwisha kuzikumba kampuni zenye wataalamu wengi wa usalama. Mwaka 2022, kampuni ya Cisco ya Marekani ilieleza kwamba wadukuzi waliteka akaunti ya Google ya binafsi ya mfanyakazi wake. Kwa kuwa alikuwa amewasha usawazishaji katika Chrome na kuhifadhi humo neno la siri la kazini, wadukuzi walilipata pia.

Mwaka uliofuata, kampuni ya Okta iligundua kwamba mfanyakazi alikuwa ameingia katika akaunti yake ya Google kwenye Chrome ya kompyuta ya kazini, na siri za akaunti muhimu ya kampuni zikahifadhiwa katika akaunti hiyo ya binafsi. Wadukuzi walizifikia faili za wateja 134.

Viendelezi navyo si salama daima. Desemba 2024, wadukuzi waliteka akaunti iliyotumiwa kuchapisha kiendelezi cha kampuni ya Cyberhaven na kusambaza toleo lenye sumu. Viendelezi hujisasisha vyenyewe, na usawazishaji huviweka katika kila kompyuta iliyounganishwa. Vikiwa vichache, hatari hupungua.

Kwa wakala wa forodha, hasara haiishii kwake. Katika kivinjari chake mna njia ya kufikia namba za PIN, ankara na nakala za pasipoti za wateja. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 humtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, nayo Uganda ina sheria yake ya aina hiyo ya mwaka huohuo.

Kompyuta za saiba na za kushiriki

Kosa kubwa zaidi ni kuwasha usawazishaji kwenye kompyuta ya saiba. Mteja huingia ili achapishe hati moja, kivinjari humwuliza kama angependa kuunganisha akaunti yake, naye hukubali. Akiondoka bila kuitenganisha, maneno yake ya siri hubaki mikononi mwa atakayeketi kitini baada yake.

Katika kompyuta ya namna hiyo, yafaa kutumia hali ya mgeni au dirisha fiche, na kukataa kila kivinjari kinapoomba kuhifadhi neno la siri. Kazi ikiisha, madirisha yote yafungwe.

Aliyekwisha kusahau anaweza kuiondoa kompyuta hiyo kwa mbali kupitia ukurasa wa akaunti unaoorodhesha vifaa vilivyounganishwa. Hata hivyo, hatua hiyo pekee haitoshi, kwa kuwa huenda isifute nakala zilizokwisha kuingia katika kompyuta ile. Abadilishe maneno ya siri, akianzia la akaunti yenyewe, kisha la barua pepe, la iTax na la benki.

Katika ofisi ambamo watu wawili hushiriki kompyuta, wengi hutumia wasifu tofauti ndani ya kivinjari kimoja. Wasifu husaidia kutenganisha kazi, lakini si kufuli, kwani anayeketi mbele ya kompyuta hubonyeza tu na kuingia katika wasifu wa mwenzake. Kinga iliyo bora ni kila mtu awe na akaunti yake ya Windows yenye neno la siri.

Daftari la vifaa

Mwenye ofisi anapaswa kuwa na orodha ya kila kompyuta na simu iliyounganishwa na akaunti ya kazi, mahali ilipo na anayeitumia. Orodha hiyo ilinganishwe na ukurasa wa vifaa wa akaunti angalau mara moja kwa mwezi. Kifaa kisichojulikana kikionekana, kiondolewe na maneno ya siri yabadilishwe siku hiyohiyo.

Mfanyakazi anapoacha kazi, au kompyuta inapouzwa au kupelekwa kwa fundi, usawazishaji uzimwe kwanza na data ya kivinjari ifutwe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya wakala wa leo ni pamoja na maneno ya siri ambayo wateja wamemwaminia.