Koneksheni za biashara: Zinavyojengwa ana kwa ana na mtandaoni

Bidhaa nzuri, bei poa, lakini wateja ni walewale: majirani, ndugu na marafiki. Wafanyabiashara wengi wadogo wanaijua hali hii. Mtaji wanao kidogo, watu wapya hawana.

Koneksheni ni nini?

Ni watu mnaofahamiana na kupeana taarifa, wateja na wasambazaji. Si lazima awe bosi. Anaweza kuwa dereva wa lori anayejua bei ya mchele Mbeya leo, au fundi cherehani aliyepata tenda ya sare za shule na anatafuta vitambaa.

Kwa nini mtu wa mbali anasaidia?

Mwaka 1973, mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter alieleza kuwa taarifa mpya mara nyingi huletwa na watu tunaofahamiana nao juujuu. Rafiki wa karibu anajua yaleyale unayoyajua.

Mwaka 2022, jarida la Science lilichapisha utafiti uliohusisha watumiaji zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn. Waliosaidia zaidi watu kupata kazi mpya ni wale wa mbali kiasi, kuliko marafiki wa karibu sana. Utafiti huo ulihusu ajira, lakini hata mteja mpya mara nyingi anatoka nje ya kundi lako.

Ana kwa ana

Tanzania kuna Maonesho ya Sabasaba, yanayoandaliwa na TanTrade kila mwaka kwenye viwanja vya Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam. Wakulima na wafugaji wana Nane Nane. Chama cha wafanyabiashara, TCCIA, kina ofisi mikoani.

Ukifika huko:

- Kugawa kadi 100 hakusaidii kama hukuongea na mtu. Watano mlioelewana wanatosha.
- Uliza kwanza: "Kwa sasa unahangaika kupata nini?" Kuuza kutafuata.
- Andika kwenye simu palepale jina, kazi yake na mlichoongea. Kesho utasahau.

Mtandaoni

LinkedIn inafaa zaidi kwa anayetafuta kampuni na maofisa. WhatsApp Business inakuwezesha kuweka orodha ya bidhaa, mahali ulipo na saa za kazi, hivyo mtu akifungua namba yako anajua unauza nini.

Kwenye magrupu, jibu maswali ya wenzako kabla ya kurusha matangazo. Anayemwaga picha 20 kila asubuhi huishia kuwekwa kimya.

Ujumbe wa kwanza uwe mfupi na ukumbushe mlipokutana:

*"Habari za leo. Tulikutana jana Sabasaba, banda la viungo. Ulisema unatafuta vifungashio vya nusu kilo. Nakutumia bei na picha mbili."*

Kwa aliyekuzidi umri, anza na shikamoo. Tuma ndani ya siku mbili, kabla hajakusahau.

Kabla ya kutuma pesa

Hapa ndipo wengi wanapolizwa. Kuwa grupu moja na mtu siyo dhamana.

- Akisema ana kampuni, tafuta jina lake kwenye mfumo wa BRELA mtandaoni.
- Kabla ya kuthibitisha muamala, angalia jina linalotokea kwenye simu. Kama ni la mtu usiyemjua, simama kwanza.
- Anza na oda ndogo. Mzigo ukifika salama, ongeza.
- Anayekudai hela ili "akuunganishe na mkubwa", au anayesema "lipa leo, nafasi inaisha", mkwepe.

Usimtafute ukiwa na shida tu

Ukisikia kuna mteja anayemfaa, mpigie. Ukiona tenda isiyokuhusu, mtumie. Siku ukikwama, atapokea simu yako haraka kuliko ya mtu anayemkumbuka kwenye shida tu.