Maono ya Kibeho na Jinsi Eklezya Ilivyoyapima



Katika kitabu hiki cha jubile tumewakumbuka mapadri waliotuletea Injili na makatekista waliozunguka vijijini kwa miguu. Yafaa pia tuandike habari za Kibeho, katika nchi jirani ya Rwanda, kwa maana wakristu wengi wa Kivu wamekwenda kuhiji huko, na kila wanaporudi mabishano huanza. Sisi makatekista huulizwa, na imetupasa kujibu kwa utaratibu.

Kibeho ni mahali pa milimani, kusini mwa Rwanda. Tarehe 28 Novemba 1981, saa ya chakula cha mchana, mwanafunzi wa shule ya sekondari ya hapo, Alphonsine Mumureke, alisikia sauti ikimwita. Akasema amemwona Bibi aliyejitambulisha kuwa Nyina wa Jambo, maana yake Mama wa Neno. Wenzake wakamcheka. Wengine walisema ana wazimu, wengine wakasema ni uchawi alioutoa kwao. Tena walimchoma mwilini wakati wa maono ili wajue kama anaigiza. Tarehe 12 Januari 1982 Nathalie Mukamazimpaka naye akaona, na tarehe 2 Machi Marie Claire Mukangango. Huyu wa tatu alikuwa mmoja wa wale waliomdhihaki sana Alphonsine. Baadaye ndiye aliyehimiza rozari ya Mateso Saba ya Bikira Maria, sala ya zamani ambayo wengi walikuwa wameisahau.

Askofu Jean-Baptiste Gahamanyi wa Butare hakukubali upesi, wala hakukataza upesi. Mwaka 1982 aliweka tume mbili, moja ya waganga na moja ya wanateolojia. Kazi yao ilikuwa ngumu, kwa sababu watu waliodai kuona walizidi kuongezeka, hata nje ya shule, na mmoja wao, kijana Segatashya, alisema amemwona Yezu mwenyewe. Tarehe 15 Agosti 1988 Askofu aliruhusu ibada ya hadhara mahali pale, lakini juu ya maono yenyewe hakutoa bado hukumu.

Ubishi mkubwa kuliko yote ulitoka katika maono ya Agosti 1982, siku za sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni. Watu walingoja furaha. Wasichana wakalia na kutetemeka. Walisema wameona mto wa damu, watu wanaouana, na maiti zisizo na wa kuzizika. Wakati ule wengine waliona ni maneno ya kutisha watu bure. Kisha ukaja mwaka 1994. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, maelfu waliokimbilia kanisa la Kibeho waliuawa humo. Katika Julai mwaka uleule wakimbizi kwa mamia ya maelfu waliingia Goma na Bukavu, na sisi wa Kivu tukaonja uchungu ambao haujakwisha.

Tangu hapo yamesikika maelezo mawili. La kwanza lasema: Mungu alikuwa amekwisha kupanga, hakuna aliyeweza kuzuia. Hilo tunalikataa. Likiwa kweli, basi aliyeshika panga hana kosa, na aliyenyamaza hana la kutubu. La pili ndilo tunalolifundisha: yalikuwa maonyo. Yona aliitangazia Ninive maangamizi. Watu wake wakafunga na kuvaa magunia, na mji ukapona. Nabii hakuwa mwongo. Neno lake lilitumwa ili lisitimie. Kule Kibeho pia wasichana walidai toba na sala isiyo na unafiki, tena mapema, miaka 12 kabla ya maafa.

Tarehe 29 Juni 2001, Askofu Augustin Misago wa Gikongoro alitangaza kwamba Bikira Maria alitokea kweli Kibeho, na kwamba waonaji wanaotambuliwa ni wale watatu wa kwanza tu. Maono ya Yezu yaliyodaiwa hayakutambuliwa. Hivyo hukumu ilichukua karibu miaka 20. Hata baada yake, Eklezya haimlazimishi mkristu kuyasadiki kama anavyosadiki Nasadiki. Ufunuo umekamilika katika Kristu, na maono hayauongezi neno.

Kwa hiyo, ndugu, yeyote akija kwetu na habari za maono, tushike shauri la Mtume Paulo kwa Watesalonika: tusimzime Roho, lakini tupime yote. Tusimdhihaki mtoto kwa kuwa ni wa kijijini, wala tusimkimbilie kila mwenye kulia njiani. Na tukisikia maonyo juu ya chuki, tusiulize yatatimia siku gani. Twende kwanza kwa jirani tuliyegombana naye, tupatane kabla jua halijatua.

Mama wa Neno atuombee katika jubile hii.